Mwenye Kiwanja

Harufu ilitangulia, yeye akafuata. Ilikuwa Desemba, mvua za kwanza za Dodoma zimeshashuka, na nyumba yetu iliyo kandokando ya jiji ikaanza kunuka kitu ambacho hakuna aliyeweza kukitaja. Baba Watoto alisema ni shimo la choo. Mimi nilisema ni panya, amefia darini. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Mpwapwa kutusalimu na akakubali kubaki mpaka mavuno, alisema ni samaki niliyemnunua bila kumfunua matamvua. Tukamwaga dawa kwenye sinki, tukampandisha kijana wa jirani darini na tochi, tukafukia mbali mifupa yote ya samaki. Fundi bomba akaja, akafunua chemba, akainama, akafunika. “Hapa pazima, mama. Tafuteni ndani.” Akachukua hela yake ya usumbufu, akaondoka.

Dagaa nao walikuwa wanapungua kwenye kopo. Hilo nilinyamaza nalo, maana katika nyumba yenye mama mkwe mtu hakurupuki kutaja upungufu wa dagaa.

Siri ilifichuka siku ya kufua. Nyuma ya mlango wa jiko tuna jaba la bluu la maji ya kufulia, na nilipolishika masikio nilimwage, kitindamimba wangu alitoka mbio chumbani akalikumbatia. “Usimwage, mama! Kuna mtu humo!”

Chini ya jaba, kwenye maji ya rangi ya chai, alikuwamo kobe. Lakini si kobe wa nchi kavu yule mwenye gamba lililoinuka. Huyu gamba lake lilikuwa bapa kama mfuniko wa sufuria, la kahawia iliyofifia, na nilipomtoa hakurudisha kichwa ndani. Alilaza shingo na kichwa upande, chini ya ukingo wa gamba, akabaki ananitazama kwa jicho moja. Kisha akaachia ile harufu, safari hii mikononi mwangu.

Nafundisha biolojia sekondari, na kwa miaka mingi nimechora ubaoni kobe wa kitabuni anayerudisha shingo moja kwa moja ndani ya gamba. Kundi la kobe wanaokunja shingo pembeni lina ukoo wake, na ni ukoo wa kusini mwa dunia: Afrika na Madagaska, Amerika Kusini, Australia na maeneo jirani yake. Walikuwepo wakati dainosaria wangali wanatembea. Wa kwetu ni wa jenasi ya Pelomedusa, kobe wa madimbwi, na sasa alikuwa jikoni kwangu, maji yakimdondoka juu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki.

“Huyu ndiye anayenuka?” akauliza Baba Watoto kutoka mlangoni.

“Ndiye,” nikamjibu. “Ana tezi pembeni mwa mwili. Akishikwa na hofu anaachia majimaji yenye harufu, adui amtupe.”

“Basi na sisi tumtupe.”

Mama mkwe alikuja na ufagio mkononi, akamwangalia kobe kwa muda, kisha akamwangalia mwanawe. “Huyu hatupwi,” alisema. “Umemkuta hapa. Unadhani kabla hujapima kiwanja hiki kilikuwa cha nani?” Kuanzia siku hiyo akamwita Mwenye Kiwanja, na watoto wakalidaka jina.

Kitindamimba alieleza kwamba alimkuta wakati wa kutoka shule, mvua imekatika, anavuka barabara ya vumbi iliyogeuka tope, kichwa kimeelekea kwetu. Hilo la kuelekea kwetu nililichukulia kuwa nakshi za mtoto. Baadaye nilijua alisema kweli tupu.

Tulimhamishia kwenye karai pana, tukamwekea jiwe la kupandia ili aote jua, kwa kuwa mwili wa kobe hauna moto wake wenyewe, anaukopa juani. Kwa siku chache nyumba ilikuwa na amani, nami nikapata nafasi ya kumchunguza. Kidevuni alikuwa na vindevu viwili laini. Miguu ilikuwa na ngozi katikati ya vidole, na kucha ndefu zilizonichora mkono kila nilipomwinua. Gamba la juu lilikuwa na vipande vikubwa 13, ukiacha vidogo vya ukingoni. Nilimgeuza kutafuta bawaba kwenye gamba la chini, sikuiona, na hapo nikawa na hakika ni Pelomedusa na si binamu zake wa jenasi ya Pelusios. Wale wana mkunjo tumboni, sehemu ya mbele ya gamba la chini hujifunga mithili ya mlango, kichwa na mikono vikabaki salama ndani. Huyu hana mlango. Mkia wake mfupi ulionyesha kuwa ni jike, maana dume huwa na mkia mrefu na mnene.

Kwa muda mrefu wataalamu walihesabu kobe hawa wote kuwa spishi moja, Pelomedusa subrufa, kuanzia Rasi ya Tumaini Jema mpaka Arabuni, na Madagaska juu yake. Mwaka 2014 watafiti waliopima vinasaba waliigawa spishi hiyo kuwa kumi. Mmojawapo, wa Tanzania, akapewa jina la kisayansi Pelomedusa kobe. Niliwasomea wanangu jina hilo kwa sauti mezani, na kifunguamimba, ambaye mpaka wakati huo alikuwa amesusa habari zote za karai, aliweka kijiko chini akaomba nirudie.

Amani ya karai iliisha usiku wa mvua kubwa. Saa nane hivi tulisikia kishindo stoo, lilikolala karai. Kikafuata kingine, halafu mkwaruzo mrefu wa kitu kinachoburutwa. Baba Watoto alishika panga, mimi nikashika mchi, Mama mkwe akafungua dirisha akapiga yowe la mwizi ambalo nadhani lilisikika mpaka stendi. Majirani walifika wameloa, wana tochi na marungu, na jirani yetu wa ukutani, mwanajeshi mstaafu, akaamuru kila mtu asimame alipo, akausukuma mlango kwa bega.

Mwenye Kiwanja alikuwa amejibana kati ya mtungi wa gesi na ukuta, anausukuma mtungi ugonge mlango, anavuta pumzi, anasukuma tena. Sufuria tatu zilikuwa chini. Maji ya karai yalikuwa yamemwagika mpaka kwenye gunia la mchele, na gunia lilikuwa limeyanywa.

Mstaafu alizima tochi. “Afande mwenyewe ndiye huyu?” akauliza. Nikawapikia chai wote, maana watu hawawezi kuja na marungu saa nane ya usiku wakarudi na matumbo matupu. Wakati wanakunywa niliwaeleza kinachomhangaisha. Kobe huyu ni msafiri wa mvua. Ardhi ikilowa hutoka dimbwi moja kwenda jingine kwa miguu, na huweza kwenda mbali katikati ya majani, mahali ambapo hakuna mtu angetegemea kumkuta. Kuta za karai hazikuwa na maana kwake usiku ule, kwa sababu nje maji yalikuwa yanalia kila upande.

Asubuhi nilianika mchele kwenye mkeka, nikamwambia Baba Watoto kwamba mnyama huyu anatoka leo. Si kwa ajili ya mchele. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kufuga mnyamapori bila kibali, na hata isingekuwepo, kobe wa madimbwi hana maisha katika beseni. Lilikuwepo pia jambo la afya. Kobe na wanyama wengine wa magamba hubeba bakteria wa salmonela bila wao kuumwa, na mtoto akimshika kisha akala bila kunawa anaweza kuharisha vibaya. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wadogo wenye gamba lisilofika inchi nne, kwa sababu watoto walikuwa wanawatia mdomoni. Kitindamimba alinawa kwa sabuni mpaka viwiko huku analia.

Sasa, kiwanja chetu kina kona ya chini. Tulikipata kwa bei nafuu kwa ajili hiyo: maji ya mvua hukusanyika kule nyuma, yakakaa mpaka Mei au Juni, kisha yakakauka kabisa. Dodoma hupata kwa wastani chini ya milimita 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na dimbwi letu lilidumu kidogo tu baada ya hapo. Watoto walimbeba mpaka ukingoni, wakamweka juu ya majani, wakarudi nyuma. Hakusitasita. Aliingia majini, akazama, akaibuka upande wa pili kwenye majani marefu, pua tu nje. Ni hapo nilipoamini habari ya kichwa kilichoelekea kwetu. Alikuwa anakwenda dimbwini kwake, na nyumba yetu ilikuwa imekaa njiani.

Baba Watoto kwa upande wake alikuwa na mpango na kona ile. Alikwishaongea na dereva wa tipa: malori ya kifusi yangejaza shimo, ukuta ungezunguka kiwanja chote, na kule nyuma vingesimama vyumba viwili vya kupangisha. Hoja zake hazikuwa za kubezwa. Ada za shule ni kweli, na mbu ni kweli. Sikumdanganya kwamba kobe atamaliza mbu. Nilimwambia tutalala wote ndani ya vyandarua, na kwamba tuache kifusi mpaka kiangazi. Alikubali la kiangazi.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya vita ya uani. Kobe huyu hachagui chakula: wadudu, viluwiluwi, vyura, konokono, samaki wadogo, mizoga, hata majani laini. Ameonekana akimnasa njiwa aliyeinama kunywa maji, akamvuta chini, na wenzake wakaja kusaidia kumrarua. Huko Afrika Kusini ameonekana pia akiwang'oa kupe vifaru waliolala kwenye matope, na kifaru anatulia. Mama mkwe alikuwa na tetea mwenye vifaranga, na tetea huyo aliona dimbwi ni mahali pa kuwafundisha watoto wake kunywa. Kifaranga mmoja hakurudi. Mama mkwe aliketi kwenye kigoda ukingoni mwa maji mchana kutwa, fimbo magotini.

“Mama, ulisema ndiye mwenye kiwanja,” Baba Watoto akamwambia.

“Kiwanja ni chake. Kuku ni wangu.”

Tukajenga uzio wa wavu wa kuku, na Baba Watoto ndiye aliyelipa.

Mwezi wa pili, baada ya mvua ya usiku, nilimkuta kwenye tuta langu la mchicha. Alikuwa ameshikilia udongo kwa miguu ya mbele na anachimba kwa ya nyuma, mguu mmoja kisha mwingine, bila kugeuka kuangalia anachofanya. Udongo ulipokuwa mgumu aliulowesha kwa mkojo wake, ukalegea, akaendelea. Shimo lilikuwa jembamba mdomoni, pana chini, mfano wa chupa. Nilisimama na ndoo ya maji mkononi mpaka bega likaniuma. Mayai yalikuwa meupe, marefu kidogo, yenye ganda laini la ngozi, na kila lililoshuka alilipanga kwa mguu. Jike mmoja huweza kutaga machache yasiyofika kumi, mwingine akataga zaidi ya thelathini. Sikuyahesabu, nilikuwa naogopa kusogea. Akafukia, akasawazisha juu kwa tumbo, akarudi majini bila kuangalia nyuma. Kazi ya mama kwa kobe huishia hapo.

Kazi yangu ndiyo ilianzia hapo. Kenge hufukua mayai ya kobe, nguchiro hufukua, na kuku wanaoparura wangeweza kuwatangulia wote. Niliweka wavu juu ya tuta na mawe pembeni. Tuta lile lilikuwa mboga yetu ya kila siku, kwa hiyo tukanunua mchicha gengeni, na kila jioni Baba Watoto aliuliza kwa nini tunanunua kitu tunachokilima. Nilimweleza kifunguamimba kwamba chini ya ule wavu mambo makubwa yanaamuliwa na joto. Kwa kobe hawa jinsia ya mtoto haipangwi siku ya kutungwa mimba. Joto la udongo wakati yai linakua ndilo linaloamua kama atatoka dume au jike. Alianza kupima joto la tuta kwa kipimajoto cha maabara nilichokiazima shuleni, akaandika kwenye daftari, na tangu hapo hakusema tena kwamba kobe ni mambo ya watoto.

Mayai huchukua karibu miezi mitatu, na vitoto vikishaanguliwa huhitaji mvua ilegeze udongo ndipo vitoke. Mvua ile ilikuja mwishoni mwa Aprili, ikawa ya mwisho ya msimu. Tuliamka tukakuta tuta limefunguka tundu na vitoto vinapita chini ya wavu, kila kimoja gamba lake halifiki sentimita nne, kichwa kikubwa kuliko stahili yake. Vingi vilielekea bondeni dimbwini. Kimoja kilikuja jikoni. Kingine tulikipata wakati kifunguamimba anavaa kiatu cha shule. Alipiga ukelele, akakivua kiatu, akatembea na soksi moja kwenye matope mpaka ukingoni kukipeleka kwa wenzake. Alichelewa shule, akapewa adhabu ya kufagia darasa, na jioni alisimulia adhabu hiyo kwa furaha kubwa.

Juni dimbwi likapungua, likawa tope, likapasuka vipande. Hakukuwa na dalili yoyote ya Mwenye Kiwanja. Kitindamimba alidhani amekufa. Bibi yake alimpeleka mpaka katikati ya tope lililokauka, akagonga kwa fimbo. “Amelala humu. Mvua itamwamsha.” Ndivyo ilivyo. Maji yakikaribia kwisha kobe huyu hujichimbia kwenye tope, tope hukauka na kumfunga, naye hukaa humo miezi yote ya kiangazi bila kula. Moyo hupunguza kasi, mwili hutumia mafuta uliyojiwekea wakati wa neema, kidogokidogo, mpaka ardhi ilowe tena.

Nililifikiria sana jambo hili, kuliko yote niliyojifunza kwake. Dimbwi linalokauka halikai mamba. Samaki wakubwa pia hawana nafasi. Kobe asiye na mlango kwenye gamba lake hawezi kuishi raha mtoni kwenye meno ya namna hiyo, kwa hiyo amechagua maji ambayo wengine hawayataki kwa sababu hayadumu. Ukimchimbia bwawa la kudumu la saruji hujamfanyia hisani. Anahitaji maji yaje, na anahitaji yaondoke, na anahitaji udongo ulio wazi chini yake. Kifusi kikimwagwa Agosti kingemkuta yumo.

Nilimweleza Baba Watoto hivyo, chumbani, kwa utulivu. Alisema ameshatoa nusu ya hela ya mchanga na mawe. Hatukuelewana usiku ule.

Agosti mafundi wakaanza kuchimba msingi wa ukuta. Walipofika kona ya chini, kijana mmoja alipiga jembe likarudi na mlio wa jiwe. Akapiga tena pembeni ili alinyanyue hilo jiwe, na jiwe likatoa mguu. Aliruka kutoka shimoni akatupa jembe. Tulipofika, fundi mkuu alikuwa amesimama mbali na kofia mkononi, anasema kazi hii waganga wawepo kwanza. Mama mkwe alishuka mwenyewe kwenye mtaro na kanga yake, akafuta tope. Gamba lilikuwa limechubuka ukingoni, halikupasuka. Macho yalifunguka nusu, yakafumba. Hata harufu hakutoa.

Baba Watoto alichuchumaa. Alimshika, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumbani kwetu, na nikaona anapima uzito wa kitu kilichokaa ardhini miezi yote ile bila tone la maji. “Yuko hai kweli?” akaniuliza. Nikamwambia yuko hai. Akakaa kimya, kisha akamwambia fundi: “Msingi usogezwe ndani. Kona hii iachwe.”

“Bosi, vyumba vitakuwa kimoja.”

“Basi kitakuwa kimoja.”

Tulimfukia hatua chache kutoka kwenye mtaro, kwa kina kilekile, Mama mkwe akasimamia udongo usishindiliwe. Dimbwi likabaki nje ya ukuta upande wetu wa mpaka, na ikabaki shida moja ambayo Baba Watoto mwenyewe ndiye aliyeiona. Tuta la mchicha liko ndani ya ukuta. Akaagiza liachwe tundu chini kabisa, kwenye kozi ya kwanza ya matofali. Fundi akataka kujua la ukubwa gani. Baba Watoto alitafuta ule ungo mdogo ambao watoto walikuwa wamechora juu yake gamba la Mwenye Kiwanja kwa mkaa wakati wa karai, akaupima kwa tepu, akaongeza sentimita tano kila upande. Fundi akasema tundu ni kazi ya ziada. Wakabishana bei mpaka adhuhuri.

Tundu la pili liko kwenye ukuta wa kwa mstaafu, maana ng'ambo yake kuna mfereji ambao mvua ikizidi hushusha maji dimbwini, na tulimwendea kumwomba ruhusa tukiwa na kilo ya sukari. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama ni yule afande wa mtungi wa gesi. Tukasema ndiye. Akasema hana kipingamizi, ila ana bata wanaoatamia, na siku kifaranga chake kimoja kikipotea atakuja kwetu na marungu yake, na chai tuwe tumeshaitia sukari.